Nunua safari kwanza, kipuri baadaye: ushauri kwa mafundi wa Kalemie

Fundi wa Kalemie anayetafuta transista nne hasumbuliwi na bei ya transista. Zenyewe ni dola chache tu. Kinachomsumbua ni njia: ziwa la kuvuka hadi Kigoma, kisha zaidi ya kilomita 1,200 za reli au basi hadi Dar es Salaam, au ndege ya kutoka Lubumbashi, na watu wa kati ambao kila mmoja anataka chake. Kipuri cha dola moja kinatua mezani kikiwa kimeshakula dola kumi, na mara nyingi kikifunguliwa kinaonekana cha bandia. Mteja naye kila asubuhi anapita kuuliza televisheni yake.

Nawaandikia mafundi wa redio, sola, televisheni na amplifaya wa mji huu, pamoja na vijana wanaojifunza kazi mikononi mwao. Gharama hiyo inapunguzika, tena sana, ikiwa tutaacha tabia ya kuagiza kipuri kila kinapoungua kimoja. Safari ndiyo ghali, basi tununue safari na kuijaza.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kifurushi kidogo cha haraka kutoka kwa muuzaji wa nje hadi Lubumbashi kinagharimu dola 40, na kukifikisha Kalemie ni dola 10 nyingine. Ukiagiza mosfeti nne za dola moja moja, kila moja imekufikia kwa dola 13 na nusu. Ukiagiza vipuri 200 vya bei ileile katika kifurushi hicho hicho, kila kimoja kimebeba robo dola ya nauli, kwa sababu vipuri 200 vya namna hiyo vina uzito usiofika hata nusu kilo. Kampuni za vifurushi hutoza kwa ngazi za uzito, na mzigo wa gramu 50 na ule wa gramu 450 mara nyingi huangukia ngazi moja. Nafasi hiyo ya gramu 400 umekwisha kuilipia. Ukiiacha wazi umetupa pesa.

Najua fundi mmoja hana mtaji wa vipuri 200. Hapo ndipo pa kuingiza kitu ambacho kila mtu Kongo anakijua: likelemba, yaani kuchangiana kwa zamu. Mafundi watano au sita wanaoaminiana, kila mmoja na kitabu chake, wanakubaliana tarehe moja ya kuagiza, labda kila baada ya miezi miwili. Kila mmoja analeta orodha yake pamoja na pesa taslimu. Mmoja anaunganisha orodha, mwingine anashika fedha, na watu hao wawili wasiwe ndugu wa nyumba moja. Nauli igawanywe kwa thamani ya kile alichoagiza kila mtu, isigawanywe sawasawa kwa vichwa, la sivyo kijana mwenye oda ya dola 6 atamlipia mzee mwenye oda ya dola 90, na kikundi kitavunjika mara ya pili tu. Asiyeleta pesa kabla ya tarehe, orodha yake ingoje zamu ijayo. Sheria hii inaonekana ngumu, lakini bila hiyo oda haitoki kamwe.

Sasa, pa kununua. Njia ya kwanza ni maduka ya mitaani: Kariakoo kule Dar es Salaam, Luthuli Avenue Nairobi, maduka ya Lubumbashi. Faida yake ni kwamba mtu anakwenda kwa miguu, anaona, anashika, na mwenzetu anayevuka kwenda Kigoma anaweza kutuma picha kwa simu kabla ya kulipa. Njia ya pili ni wasambazaji wakubwa walioidhinishwa na viwanda: Digi-Key wa Thief River Falls, Minnesota, Mouser wa Mansfield, Texas, Farnell wa Leeds, Uingereza, na RS. Watu wengi hudhani kampuni za ukubwa huo haziuzi chini ya katoni. Sivyo. Digi-Key na Mouser wamejijengea jina kwa kumuuzia mtu hata kipuri kimoja, wakikata utepe wa bobini penye alama anayoitaka. Kati ya njia hizo mbili wapo wauzaji wa Shenzhen, kama LCSC, wenye bei ya chini zaidi. Wao risista na kapasita ndogo wanaziuza kwa mafungu.

Ushauri wangu ni kugawa orodha kabla ya kuchagua duka. Fyuzi, risista, waya, plagi, swichi, soketi za spika, diodi za 1N4007: hivi vichukue mtaani. Havina faida kubwa kwa mwenye kughushi, na kosa lake linaonekana kwa kipimo cha kawaida. Lakini transista za nguvu, mosfeti za inveta, aisii za kuendesha pawa saplai na kapasita kubwa za kuchuja, hivi viagize kwa msambazaji aliyeidhinishwa hata kama bei inaonekana mara mbili. Ukiweka mosfeti ya bandia kwenye inveta ya zahanati, haiungui peke yake. Inaondoka na wenzake saba, na saketi inayoziendesha, na jina lako.

Namba ya kipuri iandikwe nzima, hadi herufi ya mwisho. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na kosa si la muuzaji. LM317T inabeba ampea moja na nusu. LM317LZ, yenye umbo dogo la transista ya redio, inabeba ampea 0.1 tu. Ukiandika "LM317, kumi" umemwachia muuzaji akuchagulie. IRF3205 ina miguu mitatu ya kupitisha kwenye tundu, ila IRF3205S ni ya kulala juu ya bodi na haitaingia kwenye inveta yako. Aisii za UC3842 na UC3843 zinafanana miguu yote minane, lakini ya kwanza inasubiri volti 16 ndipo iamke, na ya pili inaamka kwenye volti 8.4. Ukiweka 3842 katika saketi ya betri ya volti 12 iliyojengwa kwa 3843, itakaa kimya siku zote na wewe utahangaika kutafuta ubovu mahali pengine. Diodi nazo ni hivyo: 1N4007 ni ya umeme wa kawaida wa hezi 50, na ukiiweka upande wa pili wa pawa saplai ya kisasa, panapotakiwa diodi ya mwendo wa kasi kama UF4007, itachemka mpaka ivunjike.

Kwa hiyo kila mstari wa orodha uwe na namba kamili, umbo la kipuri, jina la kiwanda ikiwa unalijali, idadi, na mbadala mmoja unaoukubali. Mbadala ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Mwenzako akiwa amesimama Kariakoo saa tisa mchana na kipuri hakipo, asipokuwa na mbadala ulioandikwa na wewe, atarudi mikono mitupu au atanunua alichoshauriwa na mwenye duka. Badala ya IRF3205 unaweza kumwandikia IRF1405, yenye volti 55 zilezile na inayobeba ampea nyingi zaidi. Karatasi ya maelezo ya kila kipuri inapatikana bure kwa kiwanda chenyewe. Ipakue ukiwa na mtandao mzuri, ihifadhi kwenye simu, na uisome kabla ya kuandika mbadala.

Bei za wasambazaji zimepangwa kwa ngazi: kipande kimoja, kumi, 25, 100, na kuendelea. Kabla ya kufunga oda, angalia ngazi inayofuata. Tuseme unahitaji vipande nane, kipande kimoja ni dola 0.95, na bei ya kuanzia kumi ni dola 0.70. Nane vitakugharimu dola 7.60, kumi vitakugharimu dola 7. Nimeona orodha nyingi ambamo mtu ameacha pesa mezani namna hii. Kwenye likelemba faida ni kubwa zaidi, kwa kuwa mosfeti sita za mmoja na tano za mwingine zikiunganishwa zinavuka kumi bila mtu kuongeza hata senti. Ila usivutwe na ngazi ya 1,000. Bobini ya vipande 4,000 vya kapasita za aina moja ni bei nzuri kwa kiwanda. Kwako ni mtaji uliolala kwenye kabati.

Nizungumzie bandia kwa urefu, maana ndilo jambo linalotuumiza zaidi. Makanisa ya mji huu yanapenda muziki wenye nguvu, na amplifaya zake nyingi zinatumia jozi ya 2SC5200 na 2SA1943, transista za Toshiba za volti 230, ampea 15 na wati 150. Sidhani kama kuna transista ya sauti iliyoghushiwa zaidi kuliko hizi. Ya bandia ndani yake ina kipande kidogo cha silikoni kilichotolewa kwenye transista ya daraja la chini; inaimba vizuri dukani kwa sauti ndogo, kisha inakufa Jumapili kwaya ikisimama. Ukiletewa fungu la kumi na huna uhakika, toa moja sadaka. Ivunje kwa koleo na utazame kipande cha silikoni kilichokaa juu ya bati. Kilinganishe na kile cha transista ya asili iliyoungua, ambayo fundi mwenye busara haitupi. Kikiwa nusu yake, rudisha fungu lote.

Kwa mosfeti ya IRF3205 huna haja ya kuvunja. Unganisha miguu yote mitatu kwa kitambo kidogo ili chaji iishe, weka multimita kwenye kipimo cha kapasita, kisha pima kati ya geti na sosi, yaani mguu wa kushoto na wa kulia ukiwa umeutazama upande wenye maandishi. Karatasi ya kiwanda inasema kapasita ya kuingilia ni pikofaradi 3,247 ikipimwa chini ya volti 25. Mezani, bila volti hizo, namba yako itakuwa juu zaidi. Ukisoma chini ya nanofaradi mbili, ndani kuna silikoni ndogo. Na fungu zima lisomeke karibu sawa. Likiruka huku na kule, limekusanywa toka vyanzo mbalimbali, na mosfeti za namna hiyo zikipangwa pamoja kwenye inveta, moja itabeba mzigo wa wenzake.

Kipimo hicho kinakamata za bandia nyingi, lakini si zote. Kingine kinachofuata kinahitaji betri ya volti 12 na balbu ya taa ya gari ya wati 60. Sosi iende hasi ya betri, balbu iwe kati ya chanya na dreni, na geti uiguse chanya. Balbu itawaka ikipitisha karibu ampea tano. Sasa pima volti kati ya dreni na sosi, sindano za multimita zikigusa miguu yenyewe karibu na mwili wa kipuri. Upinzani wa IRF3205 ni omu 0.008, kwa hiyo mara tano ni volti 0.04. Ukiona 0.09, umeuziwa IRFZ44N iliyofutwa jina na kuandikwa upya. Ukiona 0.2, usiitumie hata kwenye redio. Kipimo kizima hakichukui dakika moja kwa kila mosfeti, na betri na balbu hazikosi Kalemie.

Maandishi pia yanasema. Paka asetoni kidogo kwenye pamba na usugue juu ya kipuri: rangi nyeusi ikitoka na kuchafua pamba, uso umepakwa ili kuficha jina la zamani. Miguu yenye mikwaruzo au risasi ya zamani ni ya kipuri kilichong'olewa kwenye bodi. Na mtu akikuuzia 2N3055 yenye alama ya Motorola akisema imetoka kiwandani juzi, mkumbushe kwamba Motorola iliachana na biashara hiyo mwaka 1999, ilipoitenga na kuwa kampuni ya ON Semiconductor. Inaweza kuwa ya asili na ya zamani sana, ama ni ya uongo. Mpya haiwezi kuwa.

Kapasita zinastahili neno lake kwa sababu ya umeme wetu. Kwenye pawa saplai, umeme wa volti 220 ukishanyooshwa unafika volti 311. Ukipanda hadi 260, kapasita ya kuingilia inapokea 368. Jenereta ndogo isiyodhibitiwa vizuri ikitoa 280, unafika 396, na kapasita nyingi za kiwandani zimeandikwa volti 400. Ndiyo maana zinapasuka usiku ambao jenereta inawashwa. Nunua za volti 450, ila pima kwanza kipenyo na kimo cha nafasi iliyopo kwenye bodi, kwa kuwa mara nyingi ni nene zaidi. Chagua pia za nyuzi 105 badala ya 85. Kanuni ya viwanda ni kwamba maisha ya kapasita hupungua nusu kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka. Kapasita ya saa 2,000 kwa nyuzi 105, ikifanya kazi kwenye nyuzi 65, inaweza kwenda saa 32,000. Ya saa 2,000 kwa nyuzi 85, mahali hapohapo, ni saa 8,000. Tofauti ya bei ni senti. Na kamwe usiweke kapasita iliyong'olewa kwenye bodi kuukuu, hata kama inapimika vizuri. Kutoka bodi kuukuu chukua transfoma, koili, mabati ya kupozea na soketi. Hivyo havizeeki kwa namna hiyo.

Kwenye malipo na karatasi, nitataja yale tu yanayokwamisha mzigo. Anayepitia Tanzania abadilishe dola kuwa shilingi kwenye benki au duka la fedha lenye leseni, maana tangu Machi 2025 kanuni za huko zinakataza kulipia bidhaa za ndani kwa fedha za kigeni. Anayeagiza mtandaoni ahakikishe amechagua nchi sahihi kwenye fomu: Kongo zipo mbili, ya kwetu ina alama CD na simu inayoanza na 243, ya Brazzaville ni CG na 242. Kifurushi kilichokosewa herufi moja hapo kinakwenda ng'ambo ya mto. Andika namba ya simu ya mtu wa Lubumbashi atakayekipokea, na jina kama lilivyo kwenye kitambulisho chake.

Ankara iwe ya kweli. Wapo watakaokushawishi uandike thamani ndogo ili ushuru upungue. Mzigo ukipotea, fidia inafuata thamani uliyoandika, na DGDA, watu wa forodha, wakigundua utalipa zaidi ya ulichokwepa. Gharama ya forodha na ya OCC, ofisi ya ukaguzi wa bidhaa, iulizwe mapema kwa wakala, iingizwe kwenye hesabu ya likelemba, na kila malipo yadaiwe risiti. Wengine wanaamini kwamba kwa kuwa Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, mzigo wa Dar unavuka bure. Unafuu wa jumuiya ni kwa bidhaa zenye asili ndani ya nchi wanachama. Transista ya China haibadiliki asili kwa kupita Kariakoo.

Betri za lithiamu, zile za 18650 ambazo sasa zinatafutwa kwa taa za sola, ziondoe kabisa kwenye oda ya vifurushi vya ndege. Tangu Aprili 2016 haziruhusiwi kusafirishwa zenyewe kama mizigo kwenye ndege za abiria, na ukizificha katikati ya risista, mzigo wote unazuiliwa, wa kwako na wa wenzako. Zije kwa barabara na maji, kwa muuzaji anayejua kuzifunga.

Mzigo unaovuka ziwa ufungwe kwenye plastiki mbili, kisha uwekwe ndani ya ndoo yenye kifuniko kinachobana. Wimbi la ziwani halibagui. Ukifika, ufunguliwe mbele ya wanachama wote, uhesabiwe kwa orodha, na vipuri vya nguvu vipimwe siku hiyohiyo, kwa sababu muuzaji hatasikiliza lalamiko la mwezi wa pili. Kisha kila aina iingie kwenye mfuko wake wenye namba, tarehe na jina la muuzaji. Aisii na mosfeti zibaki kwenye mifuko yake ya kuzuia chaji. Hewa ya ziwa inaleta kutu kwenye miguu ya vipuri, kwa hiyo kabati lisigusane na ukuta unaotoa jasho.

Na kitabu kisifungwe. Kila kipuri kinachotoka kabatini kiandikwe: kimeingia kwenye chombo gani, na kimerudi kuungua au la. Baada ya oda tatu au nne utaona kwamba kazi zako nyingi zinazunguka vipuri vichache tu, na hivyo ndivyo vya kuweka akiba ya kudumu. Ikiwa mnategemea wauzaji wa Shenzhen, oda ya kufungua mwaka itoke mapema Desemba, maana kati ya mwisho wa Januari na Februari Wachina husherehekea mwaka wao mpya, maghala hufungwa kwa siku nyingi, na oda iliyochelewa husubiri nyuma ya foleni ya dunia nzima.